Wavu wa Madirishani: Hotuba kwa Wenye Nyumba wa Bukoba na Muleba

Maneno haya yalisemwa na fundi seremala mmoja mbele ya wenye nyumba na mafundi vijana, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muleba. Tunayachapa kama alivyoyasema, ili wale ambao hawakuhudhuria wapate nao faida.

Wazee wangu, akina Ta na akina Ma, na ninyi vijana mliokuja na futi zenu mifukoni,

Nimeombwa niseme habari ya wavu wa madirishani, yaani ule wavu wa waya au wa plastiki utiwao dirishani ili hewa ipite na mbu asipite. Mimi si daktari, ni seremala. Basi habari ya homa nitaisema kwa kadiri nilivyoisoma na nilivyoelezwa na wajuzi, na habari ya mbao na misumari nitaisema kwa kadiri nilivyojigonga vidole. Walakini sitaanza na nyumba. Nitaanza na basi, kwa kuwa ndani ya basi ndimo nilimojifunza kazi hii, na tena wako watu hapa walionicheka wakati ule, nao wana haki ya kusikia mwisho wa kicheko chao.

Mtoto wa ndugu yangu hununua dagaa ufukoni, upande huu wetu wa ziwa. Alichoka kupanga chumba ambacho paa lake lilivuja kila masika, akanunua ganda la basi kuukuu lililokwisha kung'olewa injini na magurudumu, akalivuta mpaka kiwanjani kwake, akaliweka juu ya mawe. Sehemu ya mbele akaifanya duka, na nyuma akaweka kitanda. Watu walistaajabu, lakini shauri lake halikuwa baya: bati la basi halivuji upesi, mlango wake una kufuli, na mchwa hawali chuma. Mkewe akaja, na mtoto wao wa miaka mitatu akaja. Basi lile lilikuwa na madirisha 12 ya vioo vya kusukuma, na katika hayo matano hayakuwa na kioo tena.

Sasa, mjue tabia ya chuma. Basi likikaa juani mchana kutwa huwa kama chungu mekoni, na mtu aliye ndani hana budi kufungua kila kinachofunguka. Jioni joto lingali ndani, naye bado amefungua, na saa hizo ndizo mbu waanzazo kuingia. Walikuwa na chandarua, na walikitumia kwa uaminifu. Lakini tazameni maisha yalivyo. Mama yuko mbele anahesabu fedha za duka, baba yuko ufukoni anangoja mitumbwi, na mtoto amelala juu ya kiti cha abiria kilichosalia, tangu saa mbili mpaka saa nne za usiku, ndipo achukuliwapo kuingizwa chandaruani. Kwa saa mbili hizo alikuwa chakula kilichoandaliwa.

Katika masika ya mwaka ule mtoto aliugua mara mbili. Mara ya kwanza alitobolewa kidole katika zahanati, damu ikapimwa, akapewa dawa mseto, akapona. Mara ya pili walikawia siku moja kumpeleka, wakidhani ni mafua ya mvua, na degedege likamkamata njiani, juu ya pikipiki, mikononi mwa mama yake. Mungu alimhifadhi. Lakini mama yule alipotoka hospitali hakurudi katika basi. Alikwenda kwa wazazi wake, akatuma neno kwamba hatamrudisha mwanawe katika sanduku la mbu. Ndipo mtoto wa ndugu yangu alipokuja kwangu usiku, akasema, "Baba mkubwa, nitengenezee madirisha, au sivyo sina nyumba wala mke."

Kabla sijawaeleza nilivyofanya, nataka mjue kwa nini mama yule hakuwa na woga wa bure. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na jinsi malaria ilivyowashika watu wa Muleba, wakubwa kwa wadogo, hata vitanda vya hospitali havikutosha. Mwaka 2006 mlipuko ukarudi. Kuanzia mwaka 2007 wapuliziaji wa dawa za ukutani wakaanza kupita katika nyumba za wilaya hii, na vyandarua vyenye dawa vikagawanywa. Huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini mbu naye hakukaa kimya. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vyetu vya Muleba waliona kwamba mbu wengi hawafi tena kwa dawa ya namna ya zamani iliyotiwa katika vyandarua. Wakajaribu vyandarua vya namna mpya, ambavyo dawa ile imechanganywa na kitu kingine kiitwacho PBO kimwondoleacho mbu kinga yake, na mwaka 2018 wakachapa matokeo. Baada ya miezi tisa, mahali palipokuwa na vyandarua vipya watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 29 katika kila 100, na mahali palipokuwa na vyandarua vya kawaida walikuwa 42 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017, lilipoona habari za kwanza kutoka hapa kwetu. Basi Muleba imeufundisha ulimwengu, ingawa sisi wenyewe hatuzungumzi sana habari hiyo.

Lakini nataka mwangalie tena hesabu ile. Hata penye vyandarua vizuri, watoto 29 katika 100 walikuwa na vimelea. Na si mbu peke yake abadilikaye. Mwaka 2024 wataalamu walichapa habari kwamba vimelea wa malaria wenye badiliko liwafanyalo wakawie kufa kwa dawa mseto wameonekana katika mkoa wetu wa Kagera, na zaidi upande wa Karagwe. Dawa bado yaponya, wala mtu asiache kuinywa mpaka iishe. Nasema hivi tu: waya hauna dawa, kwa hiyo hakuna dawa ya kuzoewa. Mbu hawezi kujifunza kupita katika tundu dogo kuliko mwili wake.

Jambo hili si geni. Ronald Ross alimwona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu huko India mwaka 1897. Miaka mitatu tu baadaye, katika mwaka 1900, madaktari wawili, Sambon na Low, pamoja na wenzao walikwenda kukaa karibu na Ostia huko Italia, mahali penye mabwawa ambapo homa ilikuwa ikiwaangusha watu. Walijengewa kibanda cha mbao chenye wavu wa waya katika madirisha na milango. Mchana walitembea wapendavyo. Jua lilipokaribia kuchwa waliingia ndani, wasitoke mpaka kuche. Walikaa hivyo tangu Julai mpaka Oktoba, majirani zao wakiugua, na wao hawakupata malaria. Kibanda cha mbao, waya, na saa ya kuingia: hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao.

Tena si Wazungu tu. Huko Gambia, Afrika ya Magharibi, watafiti walizitia wavu nyumba za kijijini kama zetu, wakachapa habari zake mwaka 2009. Katika nyumba zisizotiwa kitu, mtego mmoja ulinasa kwa usiku mmoja mbu 37 hivi. Katika nyumba zilizotiwa wavu milangoni, madirishani na chini ya paa, mbu 15. Na katika zile zilizotandazwa dari ya wavu tu, mbu 19. Watoto waliopungukiwa damu walikuwa 19 katika 100 kwenye nyumba zisizotiwa kitu, na 12 katika 100 kwenye nyumba zilizotiwa wavu. Na hapa Tanzania, katika kijiji cha Magoda, Wilaya ya Muheza, zilijengwa nyumba sita za majaribio zenye kupitisha hewa na kuzuia mbu, habari zake zikachapwa mwaka 2017. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaingiza wavu wa nyumba katika mapendekezo yake juu ya malaria.

Hapa niseme neno la pembeni. Bibi zetu walikaa katika msonge, na msonge haukuwa na dirisha. Moshi wa kuni ulijaa ndani, ukawasumbua mbu kidogo na macho ya bibi sana. Sisi tukajenga kwa matofali na bati, tukaweka madirisha makubwa, tukaacha mwanya kati ya ukuta na paa ili joto litoke. Tulifanya vema. Ila tulimfungulia mbu njia ambayo bibi hakumfungulia, kisha tukaiacha kazi nusu.

Haya, sasa kazi yenyewe. Kwanza nunueni wavu kwa macho, si kwa bei. Upimeni kwa inchi: inchi moja ikiwa na nyuzi 18 upande mmoja na 16 upande wa pili, tundu lake halifiki milimita moja na nusu, na mbu hapiti. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonekana kama moshi juu ya maji, baadhi yao watapita. Msinilaumu, hao hawaleti malaria. Wavu wa chuma ni imara na panya hawautafuni, lakini Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na waya wa chuma usiopakwa vizuri huanza kuota kutu kabla hamjausahau. Wavu wa plastiki hauoti kutu, ila hauwezi moto wala jino la panya. Mimi nilitumia wa plastiki katika madirisha, na wa chuma katika mlango, ambako watoto husukuma kwa mikono na kuku husukuma kwa vifua.

Dirisha la basi si kama dirisha la nyumba. Pembe zake ni mviringo, na ubavu wa basi umepinda kidogo kama ubavu wa mtumbwi. Nilijaribu kuchonga kiunzi, yaani fremu, cha kuingia ndani ya tundu lenyewe, nikapoteza siku mbili na mbao njema. Kisha nikaacha ubishi, nikafanya fremu kubwa kuliko tundu, ya kulazwa juu yake kwa upande wa ndani, ipite tundu kwa sentimita tatu kila upande. Pembe za mviringo zikafichwa chini ya pembe za mraba, na shauri likaisha. Nilikata kartoni kwanza, nikaijaribu katika kila dirisha, ndipo nikagusa mbao. Msifikiri kwamba madirisha ya basi yalingana. Basi likizeeka hupinda kama mzee, na katika madirisha 12 sikupata mawili yaliyo sawasawa. Kila fremu niliitia namba kwa patasi, na namba ile ile nikaipaka rangi ukutani juu ya dirisha lake.

Mbao ziwe paina kavu, moja kwa mbili, zilizopigwa randa. Mbao mbichi itajipinda baada ya mwezi mmoja, na mbu hahitaji zaidi ya upenyo wa ukucha. Kila ncha niliikata nusu ya unene wake, zikalaliana nusu kwa nusu, nikatia gundi na misumari midogo. Kabla gundi haijakauka, pimeni kutoka pembe hata pembe, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana fremu imenyoka, visipolingana isukumeni mpaka vilingane. Vijana wengi hulipita jambo hili, kisha hulaumu ukuta.

Wavu ukatwe mkubwa kuliko fremu. Anzeni kuupigilia juu, katikati, mkienda pembeni. Kisha vuteni chini, mpigilie katikati tena mkienda pembeni. Mwisho pande mbili. Mkianzia pembeni utaacha mkunjo ambao hautoki. Juu ya ukingo wa wavu pigilieni ukanda mwembamba wa mbao, kwa kuwa msumari peke yake huukata wavu siku upepo unapovuma kutoka ziwani. Nyuma ya fremu, upande unaolala juu ya bati, nilibandika kanda zilizokatwa katika tyubu kuukuu ya pikipiki. Mpira ule ndio ulioziba mapengo yote ya ubavu uliopinda, nao ulikuwa wa bure. Kama mtasahau yote niliyosema, kumbukeni tyubu.

Fremu hazikupigiliwa misumari katika basi. Hili nalisema kwa sauti. Kila fremu ilishikwa na vibao vinne vidogo, kila kibao kwa skrubu moja, navyo huzungushwa kwa kidole. Ukivigeuza, fremu yatoka mkononi mwako. Nyumba ya bati yenye mlango mmoja ikishika moto, dirisha ndiyo njia ya pili, na mtu aliyepigilia dirisha lake kwa misumari ya inchi tatu amejijengea kaburi. Hata katika nyumba ya matofali, dirisha moja la chumba cha kulala, kama halina nondo, wavu wake uweze kutolewa kutoka ndani, na watoto wafundishwe. Kadhalika, kila tundu la skrubu katika bati lipakwe rangi ya mafuta, maana kutu huanzia hapo.

Kwa siku tisa nikamaliza madirisha 12 na mlango. Mlango wa basi ni ule wa kukunjwa, haufai kitu. Niliuacha kwa ajili ya kufuli, nikatia ndani yake mlango mwepesi wa wavu wenye bawaba mbili, na kipande cha tyubu cha kuuvuta ujifunge wenyewe. Nikajisifu. Mtoto wa ndugu yangu akaenda kwa wakwe zake kumwomba mkewe. Mama yule akaja peke yake, bila mtoto. Akasema, "Nitalala mimi kwanza."

Akalala usiku mmoja. Asubuhi niliitwa. Alinionyesha kwa tochi mbu wanne juu ya dari, wamevimba damu kama punje za kahawa mbivu. Hakunitukana, kwa kuwa mimi ni baba mkwe wake. Aliniamkia vema, akaniletea kiti, akaniacha na mbu wale. Mabwana, afadhali angenitukana.

Ndipo yeye mwenyewe alipofanya jambo ambalo mimi fundi sikuwaza. Saa sita mchana, jua likiwa juu, alifunika madirisha yote kwa mablanketi, akafunga mlango, akatuita tukae gizani. Tulikaa mpaka macho yakazoea. Kisha tukaona mianga. Mmoja ulitoka sakafuni mbele, mahali palipokuwa na pedali za dereva. Mwingine palipotoka gia. Mwingine juu, katika mfuniko wa hewa wa paa ambao mpira wake ulikuwa umekwisha kuoza. Mwingine nyuma, zilipopita nyaya za taa. Na chini ya mlango wangu mwenyewe, upenyo mrefu ambao kidole kingepita. Nilikuwa nimefunga madirisha 12 na kuacha malango matano. Tuliziba sakafu kwa vipande vya bati na skrubu, matundu ya nyaya kwa matambara yaliyolowa gundi, mfuniko wa paa ukatiwa wavu kwa ndani, na chini ya mlango nikapigilia ulimi wa mpira unaogusa sakafu. Kesho yake tukarudia giza lile. Haukuonekana mwanga.

Nawashauri mfanye hivyo hivyo katika nyumba zenu kabla ya kununua hata mita moja ya wavu. Katika nyumba nyingi za hapa mtaona kwamba mwanga mkubwa hautoki dirishani bali chini ya paa, na mbu wa malaria hupenda sana njia hiyo, kwa kuwa harufu ya watu waliolala hupanda na kutokea huko. Mtu aliyeweka wavu dirishani na kuacha mwanya wa paa wazi amefanya kazi ya nusu mshahara. Zibeni mwanya huo kwa wavu, si kwa udongo mtupu, ili joto lipate pa kutokea. Na aliye na fedha kidogo aanze na chumba walalamo watoto na mama mjamzito, akimalize chote, mlango pamoja. Chumba kimoja kizima chafaa kuliko vyumba vinne vilivyofanywa nusu nusu.

Ma mmoja ameniuliza kabla sijasimama, je, asikate chandarua cha serikali akakitia dirishani, aokoe fedha? Mama yangu, hapana. Chandarua kizuri mahali pake ni juu ya kitanda, na wavu wa dirishani haukiondolei kazi yake. Vyote viwili vitumike. Lakini ukiwa na chandarua kilichochakaa, nawe umekwisha kupata kingine badala yake, kikate, ukishone maradufu, ukitie chini ya paa; chafaa huko kuliko kukipeleka ziwani kuvua dagaa, jambo ambalo linaharibu vifaranga vya samaki na limekatazwa.

Mambo mawili ya hatari. La kwanza, wavu hupunguza upepo kidogo, lakini hauzuii hewa. Mbao na mablanketi huzuia. Mtu asije akaziba madirisha yake kwa mbao kwa kuogopa mbu, kisha akalala na jiko la mkaa ndani. Sumu ya mkaa haina harufu, nayo huua usiku mmoja, ambapo malaria humpa mtu siku kadhaa za kwenda zahanati. La pili, wavu hauwasaidii walio nje. Wavuvi wanaokesha na taa zao, na akina mama wanaongoja dagaa ufukoni usiku, wana shida yao nyingine ambayo seremala hawezi kuiondoa. Wavae nguo ndefu, na homa ikiwashika wakapimwe siku ile ile.

Matunzo si makubwa. Kila baada ya mwezi mmoja fremu zitolewe, zipigwe brashi kwa maji na sabuni, kwa kuwa vumbi na wale wadudu wa ziwani huziba matundu na kupunguza hewa. Tundu likitoboka, lishoneni kiraka siku hiyo hiyo kwa sindano na uzi wa nailoni. Tyubu hukauka na kupasuka. Niliibadili baada ya mwaka na nusu.

Mama yule alilala mara ya pili, peke yake. Asubuhi alitafuta kwa tochi darini, chini ya kitanda, na nyuma ya magunia, asione mbu hata mmoja mwenye damu. Mchana ule alikwenda kumchukua mtoto. Siwezi kuwaapia kwamba ni fremu zangu zilizomlinda, maana mwaka ule walipewa pia chandarua kipya, na mama alikuwa hamwachi tena mtoto kulala nje ya chandarua hata dakika tano. Ninalolijua ni kwamba masika mawili yamepita, naye hajatobolewa kidole ila mara moja, na kipimo hakikuonyesha malaria. Sasa baba yake ataka kulihamisha basi karibu na barabara ya lami, na fremu zote ziko chini zimepangwa kwa namba.

Moja nimekuja nayo, ni hii iliyo mezani, namba saba. Ina kosa katika pembe ya chini kushoto, nililoliacha makusudi ili vijana walitafute. Njooni muishike, muigeuze, mtazame tyubu ilivyobandikwa. Na mwenye futi aanze kupima pembe hata pembe.